Mdogo Wangu, Yale Maneno 25 Umeyaweka Wapi?

Sogea karibu, mdogo wangu, leo tuongee pesa. Maswali yamenijia mengi kuhusu zile sarafu za simu zinazosemekana hazionekani, Monero na Zcash. Kijana wa boda boda hapa Matisi, Kitale, anataka kujua kama ni kweli hakuna atakayeona salio lake. Dada anayeuza mitumba Chwele analalamika kwamba pesa imeingia kwenye pochi lakini inakataa kutoka. Na kuna mmoja aliyeniuliza kwa sauti ya chini sana. Aliuza mahindi, akaweka huko sehemu ya pesa ya mavuno, kisha simu ikamponyoka ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Nilipomuuliza yale maneno 25 aliyaandika wapi, akanyamaza.

Sikugombezi kwa kutaka siri. Najua unakotoka. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, pesa zetu zimekuwa zikipita mbele za watu. Unakikumbuka kile kitabu cha wakala: unaandika namba ya kitambulisho, namba ya simu na kiasi unachotoa, unatia sahihi, na aliye nyuma yako kwenye foleni anasoma mstari mzima huku akijifanya anaangalia barabara. Baadaye zikaja programu za mikopo zilizochukua majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa kidogo mama mkwe anapigiwa kuambiwa wewe ni mdeni sugu. Aibu ya namna hiyo humfanya mtu ahame hata ploti. Ilibidi Benki Kuu ya Kenya itoe kanuni mwaka wa 2022 za kuwabana wakopeshaji hao. Na mwaka wa 2023 tuliona watu wamejipanga pale KICC Nairobi wakipigwa picha za mboni za macho na mradi wa sarafu wa Worldcoin, ili wapate sarafu za kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha hizo zifutwe. Kwa hiyo mtu akiniambia amechoka kuchunguliwa mfukoni, namwelewa kabisa.

Ila shika neno langu moja, na nitalirudia mpaka unichoke. Siri ikiwa ya kwako peke yako, ulinzi nao ni wako peke yako. Ukituma M-Pesa kwa namba isiyo yenyewe, unaupeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 na kuomba pesa irudishwe. Ukisahau pini, unaenda na kitambulisho unasaidiwa. Laini ikipotea, unapata nyingine na salio liko pale pale. Yaani yule yule anayekuchungulia ndiye anayekuokoa. Monero haikujui jina, haina habari na kitambulisho chako, wala haijui kwamba karo ya muhula ujao inakusubiri. Ukiituma kwa anwani isiyo yenyewe, imekwenda. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja, maana karibu kila anayeniuliza anao, na si kosa lenu, umeenezwa na watu wanaojifanya wataalamu. Bitcoin si pesa ya siri. Daftari lake la miamala liko wazi kwa dunia nzima, na anayeijua anwani yako anaona kila kilichoingia na kilichotoka tangu siku ya kwanza. Mwaka wa 2021 wahalifu wa mtandaoni waliiteka mifumo ya kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial Pipeline kule Marekani, wakalipwa fidia ya bitcoin 75. Mwezi uliofuata, maafisa wa Marekani walikuwa wameifuata njia ya pesa hizo kwenye daftari na kurudisha karibu 64. Wale walikuwa mabingwa wa kazi yao, na bado walionekana. Wewe uliyempa mnunuzi wako anwani moja ile ile kila wiki, unadhani hajakuhesabia?

Monero ilianza Aprili 2014 kwa nia ya kulifunika daftari hilo. Unapotuma, pesa unayotoa inachanganywa na nyingine 15 zilizookotwa kwenye malipo ya zamani ya watu wengine. Mtu wa nje anaona 16, na hawezi kusema ni ipi iliyotoka kweli. Anayepokea, kila malipo yake yanafika kwenye anwani mpya ya mara moja ambayo pochi yake tu ndiyo inaitambua. Tangu 2017 hata kiasi kinafichwa. Yote hayo hufanyika yenyewe, huhitaji kubonyeza chochote. Zcash, iliyoanza Oktoba 2016, ni tofauti kidogo, na hapa wengi mnateleza. Ina anwani za wazi, zinazoanza na herufi t, na hizo zinaonekana na kila mtu sawasawa na bitcoin. Ina pia anwani za faragha, ambazo hisabati yake inathibitisha kwamba malipo ni halali bila kuonyesha nani, kwa nani, wala kiasi gani. Ukiuza kuku wako ukapokea Zcash kwa anwani ya wazi ukafikiri umejificha, hujajificha. Angalia herufi ya kwanza kabla ya kumpa mtu anwani.

Sasa tuje kwenye simu yako. Ukifungua programu ya pochi kama Monerujo au Cake Wallet kwa mara ya kwanza, itakuonyesha orodha ya maneno. Kwa pochi ya Monero ya kawaida ni 25. Siku hizi zipo zinazotoa 16, na za Zcash mara nyingi hutoa 24. Ni maneno ya Kiingereza yasiyoungana, ukiyasoma hayaleti maana yoyote, ndiyo sababu wengi wenu mnabonyeza kuendelea mkidhani ni masharti yale ya kila programu ambayo hakuna anayeyasoma. Mdogo wangu, maneno hayo ndiyo pesa yenyewe. Simu ikiibwa stendi, ikizama, fundi akiiflashi, unanunua nyingine hata ya bei ya chini, unaingiza maneno kwa mpangilio wake, na akiba yako inarudi. Maneno yakikosekana na simu ikafa, hakuna ofisi Kitale, hakuna Nairobi, hakuna ng'ambo itakayokurudishia hata senti.

Wewe uliyeyapiga picha ya skrini, nisikie. Huenda picha hiyo imeshapanda mtandaoni yenyewe usiku ukiwa umelala, kwa sababu simu nyingi hutunza picha huko bila kuuliza kila mara. Uliyejitumia kwa WhatsApp, ni yale yale. Uliyemtumia shemeji akuwekee, wewe umempa shemeji akiba yako, sasa unaomba tu asijue amepewa nini. Chukua kalamu na karatasi. Andika namba 1 hadi 25, kila neno mbele ya namba yake, kwa herufi za kusomeka, maana mwandiko wa haraka hugeuza neno. Neno la 25 lina kazi yake: pochi hulitumia kukagua kama yale 24 umeyaandika sawa, kwa hiyo usiliache ukifikiri ni la ziada. Andika nakala mbili. Tia kila moja kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu mvua ya Kitale unaijua na panya unawajua. Moja ikae kwako, nyingine nyumbani kwa wazazi au popote unapopaamini kuliko chumba chako cha kupanga.

Na chini ya maneno hayo andika tarehe uliyofungua pochi. Hili watu hawalisemi, na ndilo linalotesa watu wa bando. Siku utakapoirudisha pochi kwenye simu nyingine, itabidi ipekue daftari kutafuta pesa yako. Ukiipa tarehe, inaanzia hapo. Usipoipa, inaweza kuanza tangu Aprili 2014, kurasa kwa kurasa, siku nzima na zaidi, data inaisha, betri inaisha, na wewe umekaa unatazama sifuri huku moyo unakwenda mbio.

Kabla hujaweka pesa yoyote, jaribu. Fungua pochi, andika maneno, ifute kabisa, kisha irudishe kwa ile karatasi. Anwani ikitokea ile ile uliyokuwa nayo mwanzo, karatasi yako ni nzima. Nimeona watu wenye akili zao wanaogopa kufanya jaribio hili pochi ikiwa tupu, halafu wanalifanya kwa lazima siku simu imeibwa, na neno la saba halisomeki.

Na wewe wa simu iliyolowa maji, pole sana. Usiiwashe tena, wala usiichomeke chaji, kwa sababu umeme na maji vikikutana ndani humaliza kilichobaki. Ipeleke kwa fundi anayejua kufungua na kukausha, si yule wa kubandika vioo tu, na ukae hapo hapo kwenye benchi lake mpaka amalize. Nenda na karatasi na kalamu. Ikiwaka hata kwa dakika chache, ingia kwenye pochi, kwenye mipangilio kuna mahali pa kuonyesha maneno yako, yaandike. Kisha ukipata simu nyingine, tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, uhamishe pesa zote huko, maana ile ya zamani imepita mikononi mwa watu. Usimpe fundi pini umwachie simu uende soko. Simu ikikataa kabisa kuwaka na hukuandika, basi sitakudanganya, akiba hiyo imekwenda. Atakayekupigia akisema anaweza kuirudisha kwa ada kidogo ya kuanzia ni mwizi wa pili. Wanawavizia walioumia.

Dada yangu wa Chwele, wewe hujapoteza kitu, tulia. Monero ikiingia, hukaa imefungwa mpaka ziongezwe kurasa 10 kwenye daftari, na kila ukurasa huchukua kama dakika 2. Kwa hiyo subiri kama dakika 20 ndipo uitumie. Lililokuchanganya zaidi ni kwamba baada ya kumlipa mtu kidogo, salio lote lilifungwa. Ni kama umempa mama mboga noti ya elfu moja kwa sukuma wiki ya shilingi 50: mpaka arudishe chenji, huna kitu mkononi, ingawa mia tisa hamsini ni zako. Pochi nayo ilitoa kipande kikubwa, na kilichobaki kinakurudia kikiwa kimefungwa kwa zile dakika 20. Ukijua hivyo utajipanga. Usianze kumlipa wa kwanza wakati wa pili ameshafunga mzigo wako wa nguo na kondakta anapiga honi.

Na wale mliofungua pochi mkakuta sifuri mkaanza kulia, ni lile daftari tena. Pochi ambayo hujaifungua kwa miezi inabidi isome yote yaliyoandikwa ulipokuwa hupo, ndipo ijue una nini. Tafuta mahali penye mtandao wa kutulia, iache imalize. Hofu hii imewashika wengi na haina aibu. Kibaya ni mnachofanya mkiwa ndani ya hofu hiyo. Unaandika kwenye kundi la Telegram, pesa zangu zimepotea nisaidieni, na kabla hujaweka simu chini anakuja mtu mpole mwenye nembo ya pochi kwenye picha yake, anakuita mpendwa, anakuomba maneno 25 ili akaangalie tatizo. Ukimpa, ameshahamisha zote kabla hujamaliza kumshukuru. Hakuna msaidizi wa kweli duniani anayehitaji maneno yako. Hakuna. Awe na Kiingereza kizuri namna gani.

Hata pochi yenyewe uitoe mahali panapojulikana. Novemba 2019 tovuti rasmi ya Monero ilivamiwa, na kwa muda mfupi watu waliopakua programu yake ya kompyuta walipata iliyotiwa kitu cha kuiba sarafu. Aliyegundua ni mtumiaji aliyekuwa na tabia ya kukagua anachopakua. Kama mlango mkuu uliweza kuingiliwa, vipi faili uliyotumiwa na kijana usiyemjua kwenye kundi la WhatsApp, eti hili ndilo toleo jipya lisilo na ada? Ipo pia programu chafu inayokaa kimya kwenye simu, na ukinakili anwani ya Monero, inaibadilisha na anwani ya mwizi. Anwani ya Monero ina herufi na tarakimu 95, huwezi kuzisoma zote, lakini soma sita za mwanzo na sita za mwisho ulinganishe. Kisha tuma kidogo kwanza, mpigie mwenzako, akisema imefika ndipo utume iliyobaki. Haraka haraka haina baraka.

Kijana wangu wa boda boda, sasa swali lako. Kwenye daftari la Monero, hakuna atakayeona salio lako. Lakini uliinunuaje? Ulimtafuta muuzaji mtandaoni, ukamtumia M-Pesa. Jina lako linalotambulika lilitokea kwenye simu yake, kumbukumbu ya muamala ikabaki kwenye kampuni ya simu, na yule muuzaji anajua siku hiyo alimpa nani, kiasi gani. Siri inaanza baada ya hapo. Na ukirudisha shilingi, inaishia hapo. Halafu kuna mdomo. Umekaa stejini unawaonyesha wenzako skrini, ona hii haionekani, na sasa steji nzima inajua una pesa usiyoweza kuripoti ikichukuliwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Atakayekufuata usiku akakushika shati hahitaji kuvunja hisabati yoyote, anahitaji tu uogope na ufungue simu mwenyewe. Weka pini ya simu, weka na nyingine ya pochi isiyofanana nayo, na usiziunde kwa mwaka wako wa kuzaliwa.

Ipo pia habari ya kuigeuza pesa hii kuwa unga. Hapa nataka unisikilize kwa makini kwa sababu hisia zako za leo hazitakuwa hisia zako siku mtoto anaugua saa tano usiku. Binance iliiondoa Monero kwenye soko lake Februari 2024. LocalMonero, ambako watu walikuwa wakiuziana moja kwa moja, ilitangaza kufunga mwaka huo huo. Dubai, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi, mamlaka ya huko ilipiga marufuku shughuli za sarafu za namna hii Februari 2023. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria itakayozuia watoa huduma wake kuzishughulikia kuanzia Julai 2027. Kwa hiyo kama kaka yako aliye Dubai amekwambia atakutumia kwa njia hiyo ili kukwepa ada, mwambie asihatarishe kazi na makazi yake kwa ajili ya ada. Na wewe hapa Kitale, ukitaka shilingi haraka, wanunuzi ni wachache na wanajua una shida. Watakupa bei ya mwenye shida. Bei yenyewe nayo hupanda na kushuka sana, hata kwa siku moja. Karo, kodi ya nyumba, mbolea ya Machi, hizo usiziweke huko. Weka kile ambacho kikipotea utahuzunika lakini watoto watakula.

Sheria yetu nayo imesogea. Desemba 2015 Benki Kuu ilituonya tu kwamba sarafu hizi si pesa halali ya nchi na kwamba ukipata hasara huna pa kukimbilia. Kisha 2023 ikaja kodi ya asilimia 3 kwa kila mauzo, ikaondolewa mwaka wa 2025 na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada wanazotoza watoa huduma. Oktoba 2025 Rais alitia sahihi sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayowaweka chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayekuuzia akiwa na kampuni, muulize leseni. Kuuliza si ujinga.

Lakini kinachoninyima amani zaidi ni nyinyi vijana mnaoazima laini zenu. Mtu anakuja, anaongea vizuri, anasema nitakutumia M-Pesa elfu hamsini, wewe ninunulie Monero unitumie, kamisheni elfu mbili ni yako. Unaona kazi imepatikana. Hujiulizi mbona yeye mwenye pesa asinunue mwenyewe. Hizo elfu hamsini zimetoka kwa mama fulani aliyedanganywa, na amesharipoti. Polisi watakapofuata, njia ya Monero itakatika, ila njia ya M-Pesa itaishia kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Yeye amejificha, na aliyemficha ni wewe. Sheria ya mwaka wa 2009 dhidi ya utakatishaji wa pesa ipo, na Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazochunguzwa zaidi kwa mambo haya, kwa hiyo usitegemee macho ya mtu kufumbwa. Sema hapana, hata kama kodi ya nyumba imechelewa. Njoo tuazimane ya unga.

Wanaokwambia uweke Monero kwao wakurudishie mara mbili, sina maneno mapya ya kukwambia. Wazazi wetu waliambiwa hivyo hivyo na kina DECI, wale wa upatu, miaka ya 2006 na 2007, na wengine mpaka leo hawajarudishiwa. Na programu ya kuchimba Monero kwa simu, eti unalala na kuamka na pesa, itakuachia simu ya moto na betri iliyovimba. Simu moja haichimbi cha kununua hata mandazi. Tena simu yako ikipata joto bila sababu, kagua ulichopakua, maana wapo wanaochimbia kwenye simu za watu bila ruhusa, na faida inakwenda kwao.

Sasa tuzungumze la ndani ya nyumba. Wapo akina dada waliofungua pochi hizi kwa sababu mume anapekua M-Pesa kila jioni na kuchukua pesa ya mboga kwenda kunywa. Siwezi kukulaumu wewe uliyejifichia nauli ya kuondoka siku ikibidi. Wapo pia wanaume wanaoficha huko pesa ya karo ili wawe na nyumba ya pili mjini Bungoma. Wewe mwenyewe unajua wewe ni yupi kati ya hao. Ninachowaambia wote wawili ni hiki: mtu hufa. Ukifa na pesa kwenye M-Pesa, familia itahangaika na karatasi, lakini itapata. Hata ikikaa miaka bila kuguswa, kwa sheria ya 2011 hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na warithi wanaweza kuidai huko. Monero yako ukifa nayo kichwani, mama yako atazeeka akisikia tu kwamba mwanawe alikuwa na kitu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba kuna bahasha, na iko wapi. Si lazima ajue ndani mna nini wala kiasi gani. Iandike kwa lugha anayoielewa: pakua hiki, ingiza haya, tarehe ni hii, na usimwonyeshe mtu wa mtandaoni.

Lingine limetoka kwa chama cha akina mama upande wa Kiminini. Mweka hazina wao amependekeza akiba ya chama ihamie Monero ili wezi wasijue. Wanangu, hapana. Pesa ya watu wengi haikai kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mlokole namna gani. Akibadilika, imekwenda. Akigongwa na pikipiki, imekwenda. Ipelekeni Sacco au benki yenye watia sahihi watatu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ni mali ambayo daftari lake limefunikwa makusudi. Kama tayari ameshahamisha sehemu, Monero ina kitu kinachoitwa ufunguo wa kutazama. Awape wanachama wawili, wauweke kwenye pochi zao, nao wataona kila kinachoingia. Jueni tu kwamba peke yake hauonyeshi vizuri kinachotoka, kwa hiyo salio mtakaloliona linaweza kuwa kubwa kuliko pesa iliyopo. Basi mkutano ujao afungue pochi yake mbele yenu, mlinganishe, na pesa irudi benki wiki hiyo hiyo. Akianza kuzungusha maneno, msimpe mchango wa mwezi huu.